Mlinda Mlango Aliyevunja Milango

Wanaosema mume wangu alianza kuvunja milango nyumbani kwa Mzee Ndauka wanasema uongo, na nimechoka kuwasikiliza. Mlango wetu ulitangulia. Ulikuwa wa mninga, mzito, tuliuweka zamani za neema, na aliuvunja kwa bega la kulia mimi nikiwa upande wa ndani, nimeukinga kwa mgongo. Nilisikia mbao zinapasuka karibu na sikio langu. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na yeye amesimama juu yangu, mrefu vilevile, mikono inaning'inia, anahema. Akasema, "Umenifungia nje." Hakusema zaidi. Akanivuka kama mtu anavyovuka mfereji, akaenda jikoni kunywa maji.

Mtu huyo nchi nzima ilimwita Mlinda Mlango.

Nitawaambia alikuwa nani, maana nyote mnajifanya mmesahau. Alikuwa Lutengano Mwaisumo, golikipa wa timu ya taifa. Mimi ni Sikudhani, mkewe. Jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni amani. Nacheka kila ninapolisema, na kicheko chenyewe si kizuri.

Mji wetu hauna usiku. Wageni hawaamini mpaka wafike. Siku ile Lutengano alipopangua penalti ya mwisho kwa mkono wa kushoto na kombe likawa letu, Mlezi wa Timu alisimama jukwaani akaamuru taa za uwanja zisizimwe mpaka tutakapochukua kombe jingine. Mlezi alikuwa na jina lake, lakini aliyetaka kulitaja alishusha sauti kwanza, kwa hiyo tukazoea kumwita Mlezi tu. Taa ziko juu ya nguzo ndefu kuliko minara yote, na tangu siku ile zinawaka. Bundi walihama. Majogoo wanawika ovyo. Watoto hulala chini ya vitanda, na wazee hujifunga kitambaa machoni wakitaka usingizi. Wezi wa mji wetu hufanya kazi mchana kwa sababu hakuna kitu kingine. Na kwa kuwa jua likizama hatulioni limezama, tuliacha kusema jana na juzi; tunasema kabla ya kombe na baada ya kombe. Msiniulize mambo haya yalitokea mwaka gani. Mimi najua lipi lilitangulia na lipi lilifuata.

Baada ya kombe, mikono ya mume wangu haikuwa yake tena. Nasema nilichokiona. Tukienda sokoni watu walimkamata vidole, wakavinusa, wakavipitisha kwenye mashavu yao. Kina mama walileta vichanga vyenye homa ili aviguse utosini. Harusini waliacha kumtazama bibi harusi. Walichora sura yake kwenye ukuta wa uwanja, kubwa kuliko nyumba, mikono imetandazwa kuelekea mjini, na mchoraji aliipenda ile mikono kiasi kwamba aliichora mpaka mistari ya viganja. Watoto waliozaliwa baada ya kombe walipewa jina lake. Mwalimu akiita Lutengano, nusu ya darasa inasimama. Mtaani mama mmoja akimgombeza mwanawe, "Lutengano, mshenzi wewe, rudi hapa!" mume wangu aligeuka. Akawa anageuka kila kona, mtu mzima, anatafuta nani kamwita. Halafu siku moja akaacha kugeuka, hata nilipomwita mimi.

Asubuhi moja, au wakati ambao zamani tungeuita asubuhi, nilimkuta ameketi kitandani ameinua viganja mbele ya uso.

"Sikudhani," akasema, "hii mikono kweli ni yangu?"

"Ni ya nani tena?"

"Nauliza tu. Maana ikiwasha, najikuna. Lakini ikidaka, wanasema wamedaka wao."

Nilimcheka. Nilidhani ni maringo ya mtu aliyeshiba. Sasa hivi swali lile linanikereketa kooni kama mwiba wa samaki. Mkono umeota kwenye bega la mtu, unalishwa na damu yake, unalala ubavuni mwake. Kisha watu wengi wanakaa kwenye viti vya saruji wanapiga kelele, na zile kelele peke yake zinatosha kuufanya mkono uwe mali yao. Nani aliandika sheria hiyo? Na kama mkono ni wao ukiwa juu, kwa nini si wao ukiwa chini? Ninyi mliokuwa kwenye viti, nijibuni. Mna midomo. Niliisikia siku ile.

Bega la kushoto liliumia mazoezini. Alianguka juu ya nguzo ya goli, vibaya, na daktari wa timu akamwambia apumzike msimu mzima. Mechi ya kombe la pili ilikuwa imekaribia. Mlezi akaja nyumbani kwetu mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya mama yangu, akakaa kwenye kiti cha mume wangu.

"Bega linasemaje, mwanangu?"

"Linauma, Mheshimiwa. Daktari kasema nisicheze."

"Daktari kasema. Na taifa limesemaje?"

Lutengano akatazama sakafu. Nikaona lazima niseme mimi.

"Mheshimiwa, mkono haupandi. Hata shati namvalisha mimi."

Akanigeukia taratibu, kama mtu aliyesikia redio imejiwasha yenyewe. "Wewe mpikie, mama," akasema. "Mkono tutaupandisha sisi."

Wakaupandisha kwa sindano. Nilikuwepo uwanjani. Kipindi cha kwanza sindano ilikuwa bado inafanya kazi na hakuna aliyegundua chochote. Kipindi cha pili wakafunga bao la kwanza, upande wa kushoto, kisha la pili, upande uleule. La tatu ndilo mnalolizungumza mpaka leo. Ulikuwa mpira wa polepole, unadunda, ambao hata mimi na kanga yangu ningeuzuia. Lutengano aliinua mkono wa kushoto, na mkono ukafika katikati ya njia ukasimama, kama mkono wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Mpira ukapita chini ya kwapa lake. Kisha sauti moja, sijui ya nani, ikasema, "Ameuza!" Ikaja ya pili, ya kumi, ya elfu. Ameuza mechi. Ameuza nchi. Ameuza.

Hakuna aliyesema ni mgonjwa. Mlezi alikwenda redioni jioni ileile isiyokuwa na giza, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: "Mimi niliambiwa kijana yuko mzima. Kama alikuwa anaumwa, mbona hakusema?" Nilikuwa nasikiliza jikoni. Nilirusha sufuria ukutani. Alama yake ipo bado.

Walipiga mawe bati letu mpaka likawa kama chujio, na mwanga wa zile taa ukawa unaingia kwa matundu na kutudondokea usoni tukiwa tumelala. Klabu ikamwacha. Daktari wa timu akahamishwa. Bega likaganda. Mlezi akatuma mchoraji uwanjani afute sura ya Lutengano ukutani, achore ya kipa mpya. Mchoraji akafuta uso. Mikono akaiacha. Kila aliyepita pale alimwona kijana mwingine anatabasamu, ameshikiliwa kutoka nyuma na mikono ya mume wangu.

Mtu aliyefutwa uso anaishi wapi? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Bado anakula. Bado anakata kucha. Anakwenda dukani kununua sabuni, na muuza duka anamtazama kama anayejaribu kukumbuka wimbo, kisha anakumbuka, na hapo ndipo inapokuwa mbaya zaidi. Lutengano alipata kazi ya ubaunsa kwenye baa, kusimama mlangoni. Wateja walikuja kwa ajili ya kumrushia vizibo vya chupa. "Daka hicho, kipa!" Vizibo vilimgonga kifuani, vikaanguka. Alivumilia muda mrefu. Halafu akamvunja mtu taya, kwa ngumi moja ya kulia, na akarudi nyumbani ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona: yalikuwa na furaha.

"Alinyamaza," akaniambia. "Sikudhani, yule mtu alinyamaza! Wote walinyamaza."

Hapo ndipo Chogo alipoingia. Chogo alikuwa kiongozi wa wezi wa mtaa wa pili, na kila mtu alijua hivyo, wakiwemo polisi. Naye alivua viatu mlangoni kwangu. Aliniita shemeji. Alileta sukari. Wote waliomwangamiza mume wangu waliingia nyumbani kwangu kwa adabu, na hili nimelizingatia hadi leo: mtu akivua viatu kwa unyenyekevu mno, namtazama mikono.

"Kaka Lutengano Mwaisumo," akasema Chogo. Tangu bao la tatu hakuna mtu aliyekuwa amemtaja kwa majina yake yote mawili. Nilimwona mume wangu akinyooka mgongo. "Mwili kama wako kusimamia mlango wa baa ni matusi. Mimi nilikuwepo ulipopangua ile penalti. Nililia. Wenzangu pia walilia. Njoo kwetu. Kwetu wewe ni mtu."

"Kazi gani?" nikauliza mimi.

"Ya nguvu, shemeji. Kubeba, kufungua vitu."

"Kufungua nini?"

Chogo akatabasamu, akakoroga chai yake.

Vitu vikaanza kuja. Redio ya watu. Feni ya watu. Halafu ikaja cherehani. Ilikuwa na uzi wa bluu bado kwenye sindano, na chini ya sindano kuna sare ya shule imeshonwa nusu, mkono mmoja upo, mwingine haupo. Niliigusa ile sare. Kuna mwanamke mahali alikuwa amekaa hapa, mguu wake ukipiga pedali, na katikati ya mshono mlango wake ukaingia ndani.

"Huyu mama ulimfanya nini?" nikamwuliza.

"Hakuna aliyeumizwa."

"Sikukuuliza hivyo. Ulimfanya nini?"

"Alikimbia."

"Alikuona?"

"Tunavaa soksi usoni." Akacheka kidogo. "Hata ningekuwa wazi, nani ananijua siku hizi?"

"Mimi nakujua. Rudisha hii mashine."

"Nirudishe niseme nini? Hodi?"

"Ndiyo! Useme hodi! Ulikuwa unajua kusema hodi!"

Akatoka kwa hasira. Nikafunga mlango kwa komeo na kufuli, nikaegemeza mgongo wangu. Yaliyofuata nimeshayaeleza. Nilipoinuka nilibeba kanga mbili na cherehani ile kichwani, nikahamia kwa dada yangu. Cherehani nikaipeleka kituoni. Askari akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia, akaandika jina la Lutengano Mwaisumo, akaacha kalamu hewani. "Yule wa bao la tatu?" akauliza. Akawaita wenzake wasikie. Wakacheka sana. Hawakwenda kumkamata. Kwao alikuwa kichekesho, na kichekesho hakikamatwi.

Kama wangekwenda siku ile, Mzee Ndauka angekuwa hai. Liandikeni hilo pia mahali mnapoandika mambo yenu.

Mzee Ndauka alikuwa fundi saa. Katika mji usiokuwa na usiku kazi yake ilikuwa imekufa, lakini watu wazima wachache bado walimpelekea saa zao, akazisafisha, akazirudisha. Aliishi na mkewe, Bi Tausi, nyumba ya mwisho karibu na kiwanda cha sabuni. Chogo alisikia kwamba siku hiyo wote wawili wangekwenda msibani, na nyumba ingebaki tupu. Bi Tausi alikwenda. Mzee alishikwa na malaria, akabaki amelala kwenye mkeka sebuleni. Jua lilikuwa kali, taa zinawaka juu ya jua. Kwa kuwa waliamini hakuna mtu, hawakuvaa soksi usoni. Lutengano aliusukuma mlango kwa bega, ukaanguka mzima mzima. Mzee akaamka, akaketi, akamtazama. Akamtambua.

Haya niliyasikia mahakamani kutoka kwa Chogo, ambaye alikuwa nyuma yake mlangoni, na ambaye aligeuka shahidi wa serikali akatoka huru, viatu vyake vikimeremeta. Alisema mzee alimtambua kipa, akafungua mdomo kuzungumza, na kipa akampiga nondo kichwani. Mara moja. Basi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wapo wanaotaka kunipa udhuru kama mkono wa pole, na mimi siutaki. Wanasema: walimharibu bega, walimfukuza, walimrushia vizibo. Kweli tupu, nami nitaidai kweli hiyo mpaka nife. Mlezi anatakiwa kukaa kizimbani. Chogo anatakiwa kukaa kizimbani. Yule wa kwanza aliyesema ameuza, kama yuko hai, anatakiwa kukaa kizimbani. Lakini bega lililoharibiwa lilikuwa la kushoto. Nondo ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia haukuwahi kuumia, haukudungwa sindano na mtu, ulikuwa wake na ulimtii. Nilikaa mahakamani nikaitazama ile mikono miwili imefungwa pingu pamoja, mmoja umeonewa na mwingine umeua, na nikataka kupiga yowe, kwa sababu sikuweza kuushika mmoja bila kuugusa wa pili. Kumwonea mtu huruma na kumchukia kwa wakati mmoja kunachosha kuliko kufiwa. Aliyefiwa hupewa maji, hupewa mkeka. Mimi hakuna aliyejua anipe nini.

Alipewa kifungo cha maisha. Watu mahakamani wakapiga makofi kama amefungwa bao la nne.

Gerezani walimpeleka kupasua mawe, na kule kuinua nyundo kila siku kukalilegeza bega. Mkono wa kushoto ukaanza kupanda. Askari magereza wakamweka golini, timu ya wafungwa dhidi ya timu ya askari, na habari zikatoka nje: yule muuaji anadaka kama zamani. Wakati huohuo kipa mpya, yule wa ukutani, alikuwa anafungwa na kila timu. Michuano ya kombe ikakaribia tena. Sauti mtaani zikabadilika bila aibu yoyote. Walioimba ameuza wakaanza kusema kijana alionewa. Wakasema Mzee Ndauka alikuwa mzee sana. Ndiyo, nilisikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya maji, mtu mzima mwenye meno kinywani akisema Mzee Ndauka alikuwa mzee sana.

Mlezi akatangaza Siku ya Msamaha. Ingefanyika uwanjani, kabla ya mechi ya kwanza. Lutengano angetolewa gerezani, mjane angemkabidhi glavu kwa mkono wake, na angeingia golini moja kwa moja. Wakatuma gari kwa Bi Tausi. Wakatuma gari kwangu pia. Mke alihitajika, alie kidogo. Nilikwenda. Nilitaka kumwona yule mama, na sikuwa na ujasiri wa kwenda kwake.

Uwanja ulifurika. Lutengano aliletwa na askari wawili, amevaa jezi mpya, kichwa kimenyolewa. Bi Tausi alisimama katikati ya uwanja, mfupi, kajitanda kaniki nyeusi, ameshika glavu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya. Mlezi akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Sisi ni taifa lenye moyo. Leo tumemsamehe kijana wetu!"

Uwanja ukalipuka. Bi Tausi alisubiri watulie. Kisha akasema, bila kupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake kikaichukua:

"Nani amemsamehe?"

"Sisi, mama," akasema Mlezi, akicheka na umati. "Taifa."

"Taifa liliolewa na Ndauka?"

Hakuna aliyecheka. Mlezi alitaka kuvuta kipaza sauti, lakini mama alikuwa ameshamgeukia mume wangu, amemkaribia mpaka ikabidi ainue kidevu kumtazama.

"Mahakamani walisema mume wangu alikutambua," akasema. "Walisema alifungua mdomo. Hakuna aliyesema alisema nini. Nimekubali kupanda gari lao kwa ajili ya hilo tu. Alisema nini?"

Lutengano akatikisa kichwa.

"Mimi ni mkewe. Neno lake la mwisho ni langu, na wewe ndiye unalo. Nipe."

Lutengano akamwinamia. Akasema, na uwanja mzima ukasikia:

"Alisema, 'Lutengano! Kipa wetu! Karibu, mwanangu. Tausi hayupo, lakini chai ipo kwenye chupa.'"

Upepo ukapiga bendera. Kwa mbali mtu akakohoa.

"Nilirudi kutoka msibani nikaimimina ile chai," akasema Bi Tausi. "Niliikuta bado ya moto."

Akaziachia glavu zikaanguka kwenye nyasi.

Mlezi akaziokota haraka, akamsukumia Lutengano kifuani. "Vaa," akasema kwa meno. "Vaa, mjinga wewe, watu wanasubiri."

"Alinikaribisha, Mheshimiwa. Nilikuwa nimeangusha mlango wake, na alinikaribisha."

"Nimekwambia vaa!"

Mume wangu akamgeukia askari aliyekuwa upande wa kulia. "Nirudishe," akamwambia. Na kwa kuwa askari alisitasita, akaanza kutembea yeye mwenyewe kuelekea kwenye gari la magereza, akivua ile jezi njiani. Mkono wa kushoto ulipanda juu ya kichwa bila shida. Umati ukaanza kupiga miluzi, kisha chupa za maji zikaanza kuruka, kisha matusi. Niliyajua matusi yale. Niliyajua mpaka mapigo yake.

Nilimkimbilia Bi Tausi getini. Sikujua nitamwambia nini.

"Mama..."

"Usiniite mama," akasema bila kusimama. "Sina mkwe mimi." Akaingia barabarani kwa miguu, gari lao akaliacha pale limewashwa. Alikuwa na haki. Nilibaki nimesimama na haki yake mkononi, sijui niiweke wapi, na nyuma yangu filimbi ikalia, mechi ikaanza.

Lakini sitawaficha: nilirudi nyumbani na kitu kifuani ambacho sikuwa nacho tangu mlango wetu ulipovunjika. Mume wangu alikuwa amekataa. Mtu aliyeombwa na nchi nzima, aliyefunguliwa pingu mbele ya umati uliokuwa tayari kumbeba, alikuwa amesema nirudishe. Basi kumbe yumo. Niliamini nimeona mwenye ile mikono, hatimaye, mtu mmoja mwenye jina moja. Nilipika samaki wa nazi. Nilifunga chakula kwenye kikapu, nikaenda gerezani siku ya kutembelea wafungwa, na njiani nilikuwa napanga maneno: kwamba sijamsamehe, kwamba sijui kama nitaweza, lakini kwamba nitakuwa nakuja.

Walimleta nyuma ya wavu. Alikaa. Macho yalikuwa yanang'aa. Kabla sijasalimu, akasogeza mdomo karibu na nyaya.

"Nani alishinda?"

"Nini?"

"Ile mechi. Hapa walitunyang'anya redio. Nimewauliza askari, hawataki kuniambia. Nani alishinda?"

Nilimtazama. Nilisubiri, nikidhani kuna neno jingine linakuja nyuma ya hilo.

"Tumefungwa," nikasema.

"Ngapi?"

"Tatu."

Akafumba macho. Vidole vyake, vya mikono yote miwili, vikatandazika juu ya wavu taratibu, na nikaona anaziona zile tatu, moja baada ya nyingine, zinatoka wapi, zinapita wapi. Kisha akafumbua macho na kutabasamu, tabasamu ambalo nililipenda nikiwa msichana.

"Ningezidaka zote," akasema.

Niliinua kikapu. Aliniita kwa jina, kwa ile sauti ya golini, ya kuwapanga mabeki, sauti inayojua itatiiwa. Nikaendelea kutembea. Kwenye geti la nje askari alichungulia kikapu, akaona chakula hakijaguswa, akauliza kama mfungwa amekataa kula.

"Kula wewe," nikamwambia, nikamwachia na kikapu.